Jiwe jeusi na zito sana: laweza kuwa kimondo?

Mkulima wa Vwawa: Wakuu, tulipochimba msingi wa nyumba tulipata jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, ambalo hunasa sumaku. Kwa kuwa Kimondo cha Mbozi hakiko mbali, je, laweza kuwa kipande chake?

Msaka Madini: Ndugu, sumaku pekee haitoshi, kwani hata magnetaiti, aina ya madini ya chuma, huinasa. Lisugue nyuma ya kigae, upande usiong'aa: magnetaiti huacha mstari mweusi na hematiti, madini mengine ya chuma, huacha wa hudhurungi, ilhali kimondo kwa kawaida hakiachi alama. Likiwa na vitundu vya mapovu, yaelekea ni taka za tanuri la wahunzi wa kale, jambo ambalo kwangu lina mvuto zaidi.

Mama Jiolojia: Msilivunje wala kulipaka mafuta. Huko Michigan, Marekani, jiwe la kilo 10 hivi lilizuia mlango kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 lilipotambuliwa kuwa kimondo cha chuma na nikeli na kukadiriwa thamani ya dola 100,000. Lipelekeni kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, kabla dalali hajafika.