Mume amewekewa stenti: arudi lini kwenye lori?

Habari zenu ndugu. Mume wangu anaendesha trela hapa Texas. Wiki tatu zilizopita alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti moja, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Anasema yuko sawa, na cheti chake cha DOT, kile cha afya ya madereva wa malori, bado kina miezi 7. Bosi anapiga simu kila siku. Kuna rafiki kamwambia wakati wa kupima ukifika aende kliniki ya mbali, asiseme kitu.

*

Pole sana dada. Cheti kuwa hai hakumpi ruhusa. Moyo ukishaleta shida anatakiwa apimwe upya kabla ya kushika usukani. Na huyo rafiki mumkwepe. Fomu inauliza waziwazi habari za moyo, naye anatia sahihi mwenyewe. Siku ikitokea ajali, mawakili watalifukua faili la hospitali kabla hata lori halijavutwa kando ya barabara.

Kwa kawaida wapimaji wanataka asubiri angalau miezi 2 baada ya mshtuko. Stenti bila mshtuko ni wiki 1 tu, ndipo watu wanapochanganya. Daktari wake wa moyo aandike barua: kifua hakiumi, dawa hazimleweshi, na nguvu ya moyo kusukuma damu ni asilimia 40 au zaidi. Kuna na kutembezwa kwenye mashine, nyaya kifuani. Akipita atapata cheti cha mwaka 1, si miaka 2.

Halafu presha! Mimi nilitoka Tennessee usiku kucha, nikamalizia kahawa mlangoni, nikaingia mbio: 164/102. Mama mpimaji akanitazama juu ya miwani, akarudia, ikabaki palepale. Nikapewa cheti cha miezi 3 tu.
Dereva, Ohio

*

Niongeze kidogo. Msije mkaichanganya stenti na kile kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Mwenye hicho, miongozo haimpitishi kwenye malori ya kuvuka majimbo hata awe mzima kama chuma. Kile cha kurekebisha mapigo ya polepole ni kingine, kwa kawaida husubiriwa mwezi 1.
Nesi, Minnesota

*

Asanteni sana kaka na dada. Bosi nimemjibu mwenyewe. Miadi ya daktari wa moyo ni Jumanne, karatasi zote ziko kwenye bahasha. Nimemwambia siku ya kupimwa hakuna kahawa. Amenuna.