Hivi mtu mwenye usonji akipewa dawa ya kupona, angeikubali? Naombeni ushauri

Dada Mtu (mleta uzi):
Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 19, ana usonji tangu utotoni. Haongei. Mama umri umeenda, kwa hiyo mzigo uko kwangu. Nimempata mtu anayesema ana tiba, na nimekwama kwenye jambo moja tu: hivi wenye usonji wenyewe wangeulizwa, wangetaka kupona? Naogopa kumnyima mdogo wangu nafasi ambayo angeililia kama angeweza kusema. Usiku silali, nawaza siku mama akiondoka itakuwaje. Tafadhali msinitukane, nina mawazo ya kutosha.

Pita Njia:
Nimeingia mbio nikidhani ni uzi wa mapenzi. Ngoja nikae pembeni nisome.

Mzee Baraka:
Binti yangu, Muumba hakosei. Zamani watoto wa hivyo walikuwepo, hatukuwa na jina la kuwaita, na waliishi bila haya mahangaiko. Rudini kwenye sala, nyumba itatulia.

Mama Pacha:
Shikamoo mzee. Waliishi wapi? Wengi walifungiwa chumba cha nyuma wageni wasiwaone.
Mleta uzi, mimi nitakujibu kama mzazi. Nina pacha wa miaka 11, mmoja ana usonji pamoja na kifafa. Mkono wake wa kushoto una sugu, pale kwenye kifundo, kwa sababu akizidiwa anajing'ata palepale kila siku. Mlango wetu una kufuli mbili, na ya juu niliiweka baada ya kumkuta barabarani saa tisa usiku. Dawa ya kweli ikipatikana kesho nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na sitaomba radhi kwa mtu. Wanaosema usonji ni zawadi waje wakae kwangu wiki moja.

Kimya Kingi:
Mama Pacha, pole kwa usiku huo. Sitabishana na sugu ya mkono wa mwanao. Kifafa kinatibiwa kama kifafa, na hakuna mwenye usonji ninayemjua anayekipenda.
Mimi mwenyewe nina usonji. Nina miaka 34, niliambiwa na daktari nikiwa na 29. Ukiniuliza kama nataka ile mashine ya kukaushia mikono isiniumize masikio, nataka leo hii. Ukiniuliza kama nataka kuacha kuwa mtu anayeweza kukaa saa sita na ramani ya njia za reli bila kuchoka, hapo unaniuliza kama nataka aje mtu mwingine akae kwenye kiti changu. Mwaka 1993 Jim Sinclair, naye mwenye usonji, aliwaambia wazazi jambo hilihili: mkiomba tupone, sisi tunasikia mkiomba tutoweke, aje mgeni mtakayeweza kumpenda nyuma ya sura yetu.
Wapo wenye usonji wanaoitaka dawa, ninawafahamu. Kwa hiyo siwezi kumjibia mdogo wako, na humu hakuna anayeweza. Kwani hana njia yoyote ya kuwasiliana nanyi? Haandiki?

Dada Mtu:
Anaandika kidogo kwenye simu. Sikulitaja kwa sababu sikuona kama lina uzito.

Kimya Kingi:
Ulishamuuliza?

Mama Pacha:
Anaandika, vipi usilitaje dada! Mimi wangu angeniandikia neno moja tu, hata la kunitukana, ningelitia kwenye fremu.

Dada Mtu:
Nilimuuliza mwezi uliopita. Nilimtumia ujumbe: kungekuwa na dawa ya kuondoa usonji, ungekunywa? Alikaa na ile simu karibu nusu saa. Kidole kimoja, anaandika, anafuta, anaandika tena. Ukaja hivi: "masikio ndiyo. mimi hapana."
Lakini jamani nieleweni. Tangu azaliwe hajaonja maisha mengine, atalinganisha na nini? Hata mgonjwa wa meno hukataa kung'olewa. Siku mama hayupo, ni mimi nitakayemlea, na mimi nina watoto. Akipona ndipo atajua alikuwa anakosa nini, na atanishukuru.

Mpelelezi:
Wakuu, naona chai hapa. Bandiko la kwanza haongei na hawezi kusema anachotaka. Watu wamembana, ghafla anaandika, tena sentensi kali kama ya kwenye tamthilia. Subirini bandiko la saba atakuwa anatunga mashairi. Mods funga uzi.

Pita Njia:
Chai yenyewe ya moto. Endelea kumimina dada.

Kimya Kingi:
Mpelelezi, hilo la "haongei kwa hiyo haandiki" limewafanya watu wakae shuleni miaka wakifundishwa rangi nyekundu na bluu huku wanajua kusoma magazeti. Mdomo na akili ni vitu viwili. Mimi naongea, ila nikizidiwa sauti inakata siku nzima na vidole vinaendelea.

Daftari:
Swali la Mpelelezi lina msingi kidogo. Ipo mbinu ya msaidizi kumshika mtu mkono ili aandike. Ilipimwa miaka ya 1990 na ikaonekana maneno yanatoka kwa mshikaji. Mleta uzi, kuna anayemshika mkono au bega?

Dada Mtu:
Hakuna, na ukimgusa anaondoka. Anaandika yuko chumbani kwake, mimi niko jikoni. Mara nyingi neno moja: "feni". Maana yake feni ya sebuleni ina mlio, izimwe. Mimi siusikii huo mlio, ila niliita fundi akakuta kweli kuna kitu kimelegea. Anayeona ni chai apite, mimi ndiye ninayelia hapa.

Daftari:
Nimekuamini. Sasa na mimi nina langu. Mwanzo umesema umempata "mtu mwenye tiba". Anauza nini? Na umeshanunua?
Nauliza kwa sababu habari za tiba hizi nimezifuatilia miaka mingi. Mwaka 1998 dunia ilipagawa na homoni ya sekretini. Mwaka uliofuata wakaipima, watoto waliochomwa homoni na waliochomwa maji ya chumvi hawakutofautiana. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka 5 alifariki akitolewa "sumu ya madini" kwenye damu. Mpaka leo hakuna dawa inayoondoa usonji. Zilizoidhinishwa kule, risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009, ni za kupunguza hasira na kujiumiza tu.

Dada Mtu:
Nimeshalipa nusu.

Daftari:
Ya nini? Na umeshaanza kumpa?

Mama Pacha:
Dada, jibu. Hapa hakuna wa kukupiga.

Dada Mtu:
Ni matone. Chupa mbili, unachanganya kwanza, unasubiri kidogo, halafu unatia kwenye kinywaji. Natia kwenye juisi yake asubuhi. Hajui. Ametapika mara mbili, muuzaji akasema hiyo ni sumu inatoka, nisikate tamaa. Nilikuja humu nikitumaini mtasema wenye usonji wote wanataka kupona, nipate moyo wa kumalizia dozi.

Daftari:
Yakichanganyika yananuka kama bwawa la kuogelea?

Dada Mtu:
Ndiyo.

Daftari:
Hiyo ni klorini daioksaidi. Viwandani inapaushia karatasi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya watu mwaka 2010, ikarudia 2019, kwamba kuinywa ni sawa na kunywa blichi. Huko kutapika ni tumbo linaungua. Acha sasa hivi na umpeleke hospitali leo, ubebe chupa zote mbili wazione. Usiwafiche chochote kama ulivyotuficha sisi.

Mpelelezi:
Nafuta nilichosema. Dada nenda hospitali.

Kimya Kingi:
Na alikwambia anachotaka. Masikio. Tafuta vile vifunika masikio wanavyovaa mafundi wa mashine za kelele. Ulimi wake nao ukoje? Wengi wetu tunanusa na kuonja vitu ambavyo ninyi hamvioni. Una uhakika hajui?

Dada Mtu:
Tumerudi kutoka hospitali. Wamempima damu, wamesema tumewahi, turudi wiki ijayo. Chupa wamebaki nazo.
Kimya Kingi, swali lako limenikaa. Ana kikombe cha bluu, hatumii kingine tangu akiwa na miaka 6. Siku mbili hizi hakigusi. Nilimimina maji matupu akiwa ananiangalia, hakunywa. Nimemkuta bafuni ameinamisha shingo, anakinga kwa viganja. Nilidhani ni tabia mpya ya usonji.
Jioni nimemwandikia kila kitu. Amejibu maneno mawili: "siku ngapi". Nikaandika 11. Akakichukua kikombe, akakiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakiosha tena, akaenda nacho chumbani kwake.

Mama Pacha:
Umemwambia ukweli, dada. Kaa naye. Usimlazimishe kunywa chako.

Dada Mtu:
Siku ya nne leo. Vifunika masikio amevivaa tangu vilipofika, hata kulala analala navyo. Maji bado anakinga bombani.