IST inagonga na kuvuma tairi la mbele, shokapu nimebadilisha lakini wapi

dereva_mbezi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada gari inaninyima raha. Ni IST ya 2004, injini 1NZ, nipo nayo mwaka wa tatu. Tangu mvua za juzi kuna mlio mbele upande wa kushoto, nikipita barabara ya vumbi ya kwetu inagonga ko ko ko hata nikienda mwendo wa kinyonga, halafu nikishika lami nikifika 60 inaanza kuvuma vuuuuu na kadiri ninavyoongeza spidi na yenyewe inapanda. Fundi aliendesha kidogo tu akasema shokapu, nikanunua zote mbili za mbele, zikafungwa, nikalipa, milio ipo vilevile!! Sasa anataka tubadilishe beringi ya tairi la kushoto na sivii jointi, mfukoni hali sio nzuri na Ijumaa nawapeleka watoto na mama Morogoro. Nianzie wapi?

spana14
Pole sana mkuu. Kwanza usinunue kitu kingine chochote mpaka ujue. Hapo una milio miwili na inayogonga sio inayovuma, ukiichanganya ndio unauziwa spea za gari zima.

Sivii, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi, ikifa utaisikia ukikata kona kali, usukani umezungusha mpaka mwisho na unakanyaga mafuta, inalia ka-ka-ka-ka, ukinyoosha inanyamaza. Chungulia na mpira wake kwa ndani ya tairi, ukiwa umechanika utakuta grisi imerukia kwenye ringi. Kama vyote viwili hamna, sivii yako nzima achana nayo.

Kuvuma sasa. Tafuta barabara pana isiyo na magari, nenda 60 au 70, achia mafuta, mlio usipobadilika jua hautoki kwenye injini. Halafu yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mlio ukizidi pale beringi mbovu ni ya KULIA, ukizidi ukikata kulia basi ni ya kushoto. Usitegemee sikio peke yake maana mlio unatembea kwenye bodi, unausikia huku kumbe uko kule. Ukirudi nyumbani piga jeki, zungusha tairi kwa mkono mmoja na mkono mwingine shika springi ya shokapu, beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza mpaka kwenye vidole. Ulipita kwenye maji mengi hizo siku za mvua?

mama_probox
Niongezee kwenye kugonga maana mimi Probox ilinitesa miezi miwili nikabadilisha bushi za amu bure kabisa. Kaka jaribu hivi, pita kwenye tuta lile refu linalokatiza barabara nzima, matairi yote mawili yapande pamoja. Halafu tafuta sehemu upandishe tairi moja tu, ukingo au kishimo. Kama kwenye tuta imetulia na kwenye tairi moja inagonga, hizo ni linki za stabilaiza, kwa sababu stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, inafanya kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine umebaki chini. Linki ni katika spea za bei rahisi huko mbele na kufunga hakuchukui hata saa.

Ila nakuomba kaka USIENDE Morogoro na watoto bila kuangalia bolijointi, kile kiungo cha chini kinachoshikilia tairi. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise kwa nguvu, mtu mwingine achungulie pale kwenye bolijointi. Ikicheza hapo gari isitoke, ikichomoka ukiwa kwenye spidi tairi linalala na usukani huna tena. Ukishika kushoto na kulia ikacheza, hizo ni tairodi endi, vile viungo vya usukani vinavyokata tairi. Na kabla ya yote chukua wilispana ukaze nati, gari ikitoka kufungwa shokapu mara nyingi nati zinaachwa nusu.

kijana_wa_lami
Pitisha kiganja kwenye tairi pia mkuu, likiwa limeliwa mabonde mabonde linavuma kama beringi. Hamisha la mbele peleka nyuma, mlio ukihama umepata jibu bila kununua kitu. Pia angalia kile kibati nyuma ya diski ya breki, kajiwe kadogo kakinasa pale kanapiga kelele utadhani gari inakatika.

dereva_mbezi
Wakuu nimerudi, asanteni sana sana. Nati mbili za kushoto zilikuwa zimelegea kweli, nikakaza, kugonga kukabaki. Tuta refu kimya, tairi la kushoto likipanda peke yake ko ko ko, nimeshika linki kwa mkono inacheza yenyewe. Bolijointi zote ngumu namshukuru Mungu. Kuvuma sasa, nikikata kushoto kunazidi, yaani beringi ya KULIA, na mimi ningelipa ya kushoto! @spana14 ndio, kuna siku nilipita kwenye maji yakafika nusu ya tairi. Kesho naenda kwa fundi mwingine mwenye mashine ya presi ya kusukumia beringi, naskia za IST hazigongwi kwa nyundo?

spana14
Zisigongwe kabisa, beringi ikipigwa nyundo inaanza kufa siku hiyohiyo. Simama hapohapo uone ikiingia kwa presi, na kwa vile bolti za shokapu zitafunguliwa pitia alaimenti, yaani wanyooshe matairi, kabla ya Ijumaa. Ukishaendesha kidogo kaza nati tena.

dereva_mbezi
Sawa mkuu, nitaleta mrejesho nikishafunga.