Picha za watuhumiwa wa udhalilishaji zitolewe kabla ya hukumu?

Mzee wa Kikwajuni: Tangu jana picha ya kijana mmoja inazunguka simuni, sura na mtaa wake, eti kambaka mtoto. Mahakamani hajafikishwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12 kama sikosei, inasema hana hatia mpaka ithibitike. Akiachiwa, nani atapita simu kwa simu kuifuta?

Mama wa Fuoni: Na mtoto nani anamlilia? Mie nina mabinti wawili, wanakwenda chuoni kusoma Kurani baada ya Magharibi. Nataka kuijua sura hiyo. Kesi zenyewe zinamalizwa majumbani kwa muhali, watu wanaoneana haya, hasa huko Pemba, mnafichiana.

Wa Wete: Hiyo "hasa huko Pemba" umeitoa wapi, dada? Unguja hakuna muhali? Mie nimesimama mahakamani Chake, kwetu Pemba, kutoa ushahidi juu ya mume wa shangazi yangu. Mpaka leo nikipita hawanipi salamu. Usiniambie tunafichiana.

Kijana wa Makunduchi: Hata kwetu upo. Anakuja mzee na kanzu yake, "tuyamalize, hawa ni ndugu." Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, naye yumo barazani.

Mama wa Fuoni: Basi si ndiyo nasema! Ndiyo maana watu wanasambaza picha.

Msoma Sheria: Jamani, suala ni picha. Wengi wa wanaoshtakiwa ni watu wa karibu: baba, ami, jirani. Ukiitoa sura ya baba, ushamtangaza na mwanawe, mtaa mzima utajua ni nani. Ibara ya 15 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake ya nyumbani. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku, si ya bara peke yake. Wasambazaji waijue.

Mama wa Fuoni: Wa Wete, huyo mume wa shangazi alifungwa?

Wa Wete: Hakufungwa. Tulikuwa mashahidi watatu, wawili hawakutokea. Kesi ikaondolewa. Mtoto kahamishwa skuli, yeye yupo pale pale dukani kwake, anauza.

Mzee wa Kikwajuni: Pole sana, mwanangu.

Mama wa Fuoni: Neno la Pemba nalirudisha, unisamehe ndugu yangu. La picha silirudishi. Mtu kama huyo wa dukani, mabinti zangu watamjuaje?