Fundi kavunja studi za manifoldi akazificha na silikoni, nimechoka jamani

Wakuu, huu uzi naandika mikono bado ina masizi kwa hiyo mnisamehe mpangilio, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka.

Nina gari la spoti, milango miwili, V6, modeli sitaji maana tukianza kubishana gari gani kali uzi unaishia hapo hapo. Lilikuwa linalia tik tik tik asubuhi likiwa la baridi, upande wa kushoto, likishapata moto linanyamaza. Mnaojua mmeshajua: gasketi ya manifoldi ya egzosi (lile chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) inavujisha, chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba, kikipoa kinaachia. Kazi ya kawaida kabisa. Nikampelekea fundi nikamwambia kaka, upande wa kushoto tu, gasketi mpya, nati mpya, basi.

KUSHOTO TU.

Kesho yake naenda nakuta manifoldi zote mbili ziko chini. Hii ya kulia imefanya nini? Eti "bosi hizi huwa zinatolewa pea". Pea! Kama ndala. Na sensa ya oksijeni hajaichomoa, kaiacha inaning'inia na waya wake kama mbuzi kwenye kamba. Nikanyamaza, nikasema fundi ni yeye. Hilo ndo kosa langu na nalikubali.

Kwa ambao hamjawahi kuishika hii kazi niwaeleze kwa nini ya kulia haikutakiwa kuguswa. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya aluminiamu, manifoldi ni chuma cha kusubu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya hicho chuma, sasa katikati yake kuna studi (boliti zisizo na kichwa) nyembamba za M8, yaani unene wa milimita nane, zinavutwa huku na huku kila ukiwasha na kuzima, miaka na miaka, juu yake kutu imekula mpaka nati na studi zimekuwa kitu kimoja. Ukija na gani ya upepo, ile bunduki ya kufungulia nati, ukapiga trrrrr nati haifunguki, inayokatika ni studi. Anayejua kazi anapulizia dawa ya kutu jioni anaacha ilale, asubuhi anapulizia tena, ikigoma anaipasha nati moto, halafu anaenda na mkono taratibu, robo mbele robo nyuma, anasikilizia. Ikianza kuwa laini kama inayonyongeka anaacha, anarudia moto. Ni kazi ya subira. Huyu alikuwa na gani na simu sikioni.

Nikakabidhiwa gari, siku mbili kimya. Siku ya tatu tik tik imerudi, na safari hii pande ZOTE MBILI. Nikifungua feni ya hewa harufu ya moshi inaingia ndani, na jamani hiyo si ya kuchukulia poa, kabonimonoksaidi yenyewe haina harufu wala rangi, ile unayoinusa ni wenzake tu. Taa ya injini nayo ikawaka, kupima ikaja P0171, yaani kompyuta inaona petroli ni kidogo kuliko hewa. Nampigia fundi, hajauliza hata swali, "hiyo sensa imekufa bosi, tafuta mpya". Sensa haijafa! Manifoldi ikivujisha kabla ya sensa, moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inaiona ile oksijeni inaripoti, kompyuta inaongeza petroli bure. Sensa inasema ukweli, muongo ni mwingine.

Basi jana nikapandisha gari kwenye stendi mwenyewe, tochi mdomoni, kioo kidogo cha mkononi, nikaingia chini. Upande wa kulia, kule nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini ambako huoni bila kioo, nikaona nati ina rangi nyekundu nyekundu pembeni. Nikasema kutu. Nikaigusa na kidole.

Ikadondoka.

Nati imenidondokea kiganjani wakuu. Haikuwa imefungwa kwenye kitu chochote. Alivunja studi, akachukua nati akaibandika na SILIKONI juu ya tundu ili mtu akichungulia aone iko kamili. Nikagusa ya jirani, na yenyewe ikaja. Mbili! Upande ambao sikumtuma! Nimelala pale chini kama dakika tano naiangalia ile nati, ndani imejaa silikoni kama keki. Funika kombe mwanaharamu apite, ila mwanaharamu hapa ni mimi niliyelipa.

Na hiyo silikoni yenyewe, hata zile za joto kali zinaishia nyuzi mia tatu na kitu, manifoldi ya injini ya spoti ukiikanyagia inapita mia sita kiulaini. Inaungua, inakuwa majivu, na zisizo salama kwa sensa mvuke wake unaua sensa kweli kweli. Yaani angeendelea kidogo uongo wake wa sensa ungekuwa kweli.

Nimempelekea mzee mmoja mkimya, hajacheka hajaguna, kasema tu "ulete na kiti ukae". Studi moja ilikuwa imebaki kipande nje kidogo, kaweka nati juu yake kachomelea ndani ya nati, akaacha ipoe kidogo, akaweka spana ikatoka kama haijawahi kushika. Ule moto wenyewe ndo unavunja kutu. Ya pili ndo balaa, yule bwana alishajaribu kuidrili, kadrili pembeni si katikati, halafu kaingiza kile chuma cha kutolea boliti zilizovunjika nacho kikakatikia humo humo, na kile ni kigumu kuliko drili ya kawaida. Nusu siku nzima imeenda kwenye tundu moja. Nyuzi za hedi zimeliwa, ikabidi tundu litanuliwe liwekwe helikoili, ile springi ya chuma inayokuwa nyuzi mpya.

Manifoldi yenyewe kuilazia rula ya chuma, mwanga unapita katikati, imepinda kwa kukimbia haijakazwa nyuma. Imeenda kusawazishwa mashineni. Gasketi mpya tena, maana hizi za mabati ukishazibana mara moja zimekwisha. Kurudishia mzee kaanza nati za katikati anatoka nje, mzunguko wa kwanza nusu ya nguvu, wa pili kamili, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, namba kasoma kwenye manyuali ya gari. Yule mwingine nilimuuliza alikaza kiasi gani akanionyesha msuli.

Sasa jamani sikilizeni, kuvunja studi simlaumu. Zinavunjika, hata mzee kasema kavunja nyingi maishani. Ungeniambia "kaka, mbili zimekatika, tutafute namna", ningenuna saa moja yameisha. Lakini mtu mzima anakaa anachagua nati, anaipaka gundi, anaibandika, anasubiri ikauke, anafuta pembeni, halafu anakuja anakwambia "bosi tayari" huku anakuangalia usoni? Muda wa kubandika nati ulikuwa nao, wa kupulizia dawa ya kutu hukuwa nao?

Nimemtumia picha za zile nati. Kasoma, hajajibu. Waliowahi kudai hela kwa fundi wa hivi na wakarudishiwa niambieni mlianzia wapi, na tafadhali "pole mkuu" zimetosha, nina za kutosha.

APDETI: Kapiga simu sa hivi. Nikajua anaomba radhi. Anauliza kama sijaiona ringi spana yake namba 12. Nimeiona ndugu yangu, ilikuwa imelala juu ya krosmemba, lile chuma linalokatiza chini ya injini, upande wa kulia, imetembea na mimi wiki nzima. Njoo uichukue, na uje na hela yangu.