Gumzo la Ukoo: Jumamosi za Lakrosi

Mjomba: Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo? Msimu mpya wa NLL, ligi ya lakrosi ya ukumbini, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, unaanza karibuni, na kila timu itacheza mechi 18 hadi mwezi wa Aprili kabla ya mchujo. Ninaomba tukubaliane mapema kuhusu usiku wa Jumamosi, kwa sababu mechi nyingi huangukia mwishoni mwa wiki, na sitaki tuje kugombania televisheni kama mwaka jana.

Mama: Marahaba, mdogo wangu. Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya kufua, ya kupiga pasi nguo za wiki nzima na ya kumsimamia mpwa wako kwenye hesabu. Mchezo wenyewe sijawahi kuupinga. Ninachopinga ni mechi moja kuvuta nyingine hadi usiku wa manane, halafu Jumapili nyumba nzima inaamka imechoka na hakuna anayekumbuka hata nani alishinda.

Shangazi: Wifi, katika hilo ninakuunga mkono nusu. Nusu nyingine naiweka akiba kwa siku ambazo timu yangu, Toronto Rock, inacheza.

Kaka: Mama, ninaomba kuwasilisha hoja moja ya utetezi. Mechi ya ukumbini ina vipindi vinne vya dakika 15, na hata ukijumlisha mapumziko na kusimama kwa saa, unahitaji saa mbili na ushei tu. Timu ikishika mpira ina sekunde 30 za kupiga golini, la sivyo inanyang'anywa, kwa hiyo hakuna kupoteza muda kwa kupasiana nyuma. Wachezaji ni watano na kipa kwa kila upande, wanacheza ndani ya kuta za uwanja wa hoki ya barafu uliotandikwa zulia la nyasi bandia, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda kasi, mtu akienda jikoni kuchukua maji anaweza kukuta matokeo yamebadilika mara mbili.

Mama: Hiyo kasi ndiyo inayowafanya msinyanyuke kwenye viti hata nikiita.

Mjomba: Dada, mimi naona ligi hii ndiyo inayofaa zaidi kwa familia yenye kazi, kwa sababu iliundwa na watu wenye kazi. Wachezaji wengi wa NLL hawaishi kwa mshahara wa lakrosi peke yake. Wapo walimu, wapo askari wa zimamoto, wapo mafundi ujenzi, nao husafiri Ijumaa au Jumamosi, wanacheza, kisha Jumatatu wanaripoti kazini huku mbavu zinawauma. John Tavares aliichezea Buffalo Bandits kuanzia mwaka 1992 hadi 2015 na kufunga mabao zaidi ya 800, na miaka hiyo alikuwa pia mwalimu wa hesabu. Kama yeye aliweza kusahihisha madaftari na bado akawa gwiji wa ligi, sisi tunaoangalia tu hatuna sababu ya kushindwa kupanga Jumamosi moja.

Mimi: Mwalimu wa hesabu, Mjomba? Hilo ulipaswa kulificha, maana sasa Mama atalitumia.

Mama: Nimeshalihifadhi.

Babu: Habari za jioni, wanangu. Huyo Tavares si yule wa hoki ya barafu anayechezea Toronto Maple Leafs?

Kaka: Shikamoo, Babu. Wapo wawili wenye jina hilohilo. Yule wa hoki ni mdogo kiumri, na huyu wa lakrosi ni ndugu wa baba yake. Yule mdogo naye alicheza lakrosi utotoni kabla hoki haijamchukua moja kwa moja. Mkubwa kwa sasa ndiye kocha wa Bandits, nao walitwaa ubingwa mwaka 2023, 2024 na 2025 mfululizo.

Babu: Marahaba. Basi ni mchezo wa kurithishana ndani ya nyumba.

Mimi: Sana, Babu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ndugu Thompson, ambao ni Waonondaga, mojawapo ya mataifa ya Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakicheza lakrosi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa ligi yoyote. Kwao mchezo huu ni zawadi ya Muumba na ni tiba, si burudani tu. Mwaka 2014 Lyle na kaka yake Miles walipewa kwa pamoja tuzo ya Tewaaraton, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani, wakawa wenyeji wa asili wa kwanza kuipata, na mwaka uliofuata Lyle akaichukua tena peke yake. Mwaka 2017 wakaipa Georgia Swarm ubingwa wa NLL. Nikiwaangalia wakipasiana bila kutazamana, ninaona kabisa kwamba hawakujifunzia hayo kwenye timu bali nyuma ya nyumba yao.

Babu: Hao nitawaangalia. Mniite wanapocheza, hata kama nimelala.

Shangazi: Baba, nawe usijisahau. Daktari alisema ulale mapema.

Babu: Daktari hakutaja Jumamosi.

Mama: Kwa kuwa kila mtu anatoa ya moyoni, nami nitasema. Mimi hufuata mchezo huu kwa sababu ya makipa. Goli la ukumbini lina kimo cha futi 4 na upana wa futi 4 na inchi 9, yaani ni dogo kuliko mlango wa stoo yetu, na yule kipa aliyejaa mavazi ya kinga analiziba karibu lote, halafu bado mtu anapata upenyo wa kupitisha mpira mgumu wa raba juu ya bega lake. Matt Vinc wa Buffalo alizaliwa mwaka 1982, na alikuwa golini kwa mataji yote matatu aliyoyataja Kaka. Mtu aliyevuka miaka 40 anapigwa mipira namna ile na Jumamosi inayofuata anarudi tena! Nikimwona, pasi inateleza yenyewe juu ya mashati.

Mjomba: Dada, kumbe ulikuwa ukiangalia muda wote huo!

Mama: Nilikuwa nikipiga pasi. Televisheni ilikuwa mbele yangu.

Kaka: Basi suluhisho limeshapatikana. Meza ya kupigia pasi ihamie sebuleni Jumamosi jioni, mimi nitakunja nguo wakati wa mapumziko ya vipindi, na Mjomba ataanua zile za kambani kabla mechi haijaanza.

Mama: Ninakubali, kwa masharti mawili. Kwanza, ni mechi moja kwa usiku mmoja, na ile ya pili mtaangalia muhtasari wake kesho yake. Pili, katika mchujo mnaruhusiwa kuongeza, kwa sababu najua robo fainali ni mechi moja tu na aliyeshindwa anafunga virago, wakati nusu fainali na fainali ni mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. Sitaki kuonekana mkatili.

Shangazi: Wifi, umeniridhisha. Ila ninaomba tusipange mechi hiyo moja kwa kura, maana kura katika ukoo huu huishia Buffalo kila mara. Wenzenu tumeteseka na timu zetu. Rock ilianzia Hamilton mwaka 1998 kwa jina la Ontario Raiders, mwaka uliofuata ikahamia Toronto na kupata jina hili, ikatwaa mataji sita, kisha mwaka 2021 ikarudi Hamilton huku bado ikijiita Toronto. Shabiki anayepaswa kuieleza habari hiyo kwa wageni anastahili angalau Jumamosi yake.

Kaka: Shangazi, wa Rochester wana kisa kizito zaidi. Knighthawks walichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014, halafu mwaka 2019 timu ile ikahamishiwa Halifax na kuitwa Thunderbirds, na Rochester ikapewa timu mpya yenye jina lilelile la Knighthawks. Sasa mzee aliyekuwa shabiki tangu mwanzo amfuate nani, jina au wachezaji? Mimi ningefuata wachezaji.

Shangazi: Mimi ningebaki na jezi niliyokwisha kuinunua.

Mjomba: Basi tupokezane: Jumamosi moja Buffalo, inayofuata Toronto, ya tatu mechi yoyote ambayo Babu atachagua. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe, hakuna mjadala.

Shangazi: Hapo sawa, shemeji. Sasa turudi kwenye kiangazi, ambacho ndicho kinanihusu mimi hasa, kwa sababu ndio wakati wa bustani yangu. Ligi ya nje, PLL, huchezwa kiangazi, na mwaka jana nyanya zangu zilikauka wakati waliopaswa kuzimwagilia walikuwa wanafuata mechi kwenye simu.

Mjomba: Shemeji, PLL ndiyo rahisi zaidi kupangia. Paul Rabil na kaka yake Mike waliianzisha mwaka 2018, ikaanza kuchezwa 2019, na tofauti na ligi nyingine, timu zote nane husafiri kama msafara: wiki hii zinakusanyika mji mmoja na kucheza mechi zote huko, wiki nyingine zinahamia mji mwingine. Tangu mwaka 2024 kila timu ina mji au jimbo lake rasmi, kama vile Boston Cannons, Utah Archers na Denver Outlaws, lakini msafara umebaki palepale. Maana yake ratiba nzima inaingia kwenye karatasi moja ya kubandika jikoni, na zamu za kumwagilia zinaweza kuandikwa pembeni yake.

Shangazi: Andika kwa kalamu isiyofutika.

Mama: Na mimi naona mchezo wa nje hauhitaji kukodolewa macho kila sekunde. Wachezaji ni kumi kila upande, uwanja ni mpana, na unaweza kusikiliza mtangazaji huku unapalilia. Labda mtu apige lile bao la mbali linalohesabiwa mawili, hapo ndipo utaacha jembe.

Mimi: Kabla ratiba haijajaa, ninaomba nafasi ya ligi ya wanawake pia. WLL ilianza mwaka 2025 ikiwa na timu nne, nayo hucheza mtindo uleule utakaotumika kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028: wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, vipindi vinne vya dakika nane, na sekunde 30 za kushambulia. Mara ya mwisho lakrosi kugombewa medali za Olimpiki ilikuwa mwaka 1908. Ninataka ifikapo 2028 niwe ninawajua wachezaji kwa sura na kwa mtindo wa kurusha, si kuja kujifunza majina siku ya fainali.

Mama: Hiyo imepita bila kupingwa. Dakika nane mara nne hata mtoto wa shule anaweza kuzibeba katikati ya wiki.

Babu: Hayo ya ratiba mmeyamaliza vizuri. Mimi nina swali la kazi ya mikono. Juzi niliiona fimbo ya mjukuu wangu imeegemezwa mlangoni na wavu wake umelegea hadi unatia huruma. Nani aliusuka?

Kaka: Ulikuja umesukwa tayari kutoka dukani, Babu. Tangu uliponyeshewa mvua, kila nikirusha, mpira unakwenda chini kwenye miguu yangu badala ya kwenda mbele.

Babu: Nimeushika na kuutazama. Zile kamba mbili zinazokatiza juu, karibu na mdomo wa kichwa cha fimbo, zimekazwa kupita kiasi, wakati tumbo la wavu limeshuka. Mpira unapotoka unakwama kwenye kamba hizo, unachelewa kuachia, na mkono umeshateremka. Legeza kamba za juu kidogo, kisha vuta uzi wa chini kabisa, ule uliofungwa karibu na mpini, tumbo lipande. Usikate kitu chochote. Kazi ya nyuzi ni kufungua na kufunga upya, nayo ndiyo niliyoifanya jioni zangu tangu nilipostaafu.

Kaka: Na nitajuaje kwamba tumbo limepanda vya kutosha? Kocha wetu hukagua fimbo moja moja kabla ya mechi.

Mjomba: Weka mpira ndani, inua fimbo mpaka usawa wa macho, uitazame kwa ubavu. Kwa wanaume kwenye mchezo wa nje, ukiona mwanga kati ya sehemu ya juu ya mpira na ukingo wa chini wa ubavu wa plastiki, basi wavu umezama mno na fimbo hiyo ni haramu.

Mimi: Yangu ina sharti kali zaidi, Babu. Kwa wanawake, sehemu ya juu ya mpira inapaswa kuonekana juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa hiyo wavu unakuwa na kina kidogo sana, na ukikosea fundo moja tu mpira haukai.

Babu: Basi yako ndiyo nitakayoanza nayo, kwa kuwa ndiyo inayohitaji subira. Ziletwe zote mbili Ijumaa alasiri, pamoja na mpira wenyewe na nyuzi za akiba, na mtu anitafutie ile miwani yangu ya kusomea.

Kaka: Na mimi nifanye nini wakati wewe unasuka, Babu?

Babu: Utashika taa.