Minara ya jeshi la Kusini pale Gettysburg: ibaki, ing'olewe, au tuichambue mmoja mmoja?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Naishi Minnesota, kama Wakenya wengi tu, na kiangazi nilipita Gettysburg, Pennsylvania, kuuona mnara wa kikosi cha "kwetu", Kikosi cha Kwanza cha Minnesota. Kwa asiyefahamu: tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini (la serikali ya Marekani) chini ya Meade na la Kusini (la majimbo yaliyojitenga kutetea utumwa) chini ya Lee yalikutana hapo. Watu wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Leo mashamba yale yana minara na vibao zaidi ya 1,300.

Mnara wa Minnesota una askari wa shaba anayekimbia, singe mbele. Jioni ya tarehe 2 Jenerali Hancock wa Kaskazini aliona mstari wake una pengo na brigedi ya Alabama, ya Kusini, inakuja. Hakuwa na watu karibu isipokuwa hao, akawatuma wavamie ili apate dakika chache za kuleta wengine. Maandishi ya mnara yanataja hesabu: waliingia 262, wakaanguka 215, wakabaki 47. Unasimama pale pale walipotokea, unaangalia bonde walilolishuka, unaelewa.

Kisha nikaenda upande wa pili, walikosimama watu wa Kusini. Huko minara mikubwa ni ya majimbo. Wa Virginia, wenye sanamu ya Lee juu ya farasi, ni wa 1917. Wa South Carolina ni wa 1963, na unasifu utakatifu wa haki za majimbo, yaani haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake bila serikali kuu. Wa Mississippi ni wa 1973, na unasema babu zao walipigania jambo la haki. Tazameni hiyo miaka. Julai 1963 gavana George Wallace wa Alabama alikuwepo Gettysburg, hata mwezi haujaisha tangu asimame mlangoni mwa chuo kikuu kuwazuia wanafunzi weusi.

Msimamo wangu: jiwe la kikosi liachwe, la upande wowote, kwa sababu liliwekwa na waliokuwepo na linakuonyesha nani alisimama wapi. Mnara wa jimbo uliojengwa miaka mia baadaye ni hotuba ya kisiasa tu iliyochongwa kwenye jiwe, na hotuba hujibiwa. Ama uondolewe, ama uwekewe jibu pembeni. Karibuni.

MKAZI WA TANGA
Kaka, hapo unachanganya mambo. Sanamu ya Lee iliyoondolewa Richmond mwaka 2021 ilikuwa katikati ya mji. Mtoto mweusi alikuwa anapita chini yake akienda shule, hana hiari. Gettysburg ni uwanja wa vita. Anayekwenda pale kaamua mwenyewe, na kaenda kujifunza. Ukiiondoa minara ya Kusini unabaki na uwanja ambao jeshi moja linapigana na upepo. Hata huo uongo wa 1963 ni sehemu ya historia ya mahali. Uache, watu wauone.

MKONGO WA LANCASTER
Mimi naishi mwendo mfupi tu kutoka huko. Mzee wa Tanga anasema wanaokwenda wanajifunza. Wanajifunza nini?

Jeshi la Lee lilipoingia Pennsylvania mwezi Juni 1863 halikuja kupigana tu. Liliwakamata watu weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, likawafunga na kuwapeleka Kusini kuuzwa. Wakazi weusi wa Gettysburg walikimbia kabla risasi ya kwanza haijalia. Mmoja alikuwa Abraham Brian, mkulima mwenye nyumba ndogo kwenye kilima cha Cemetery Ridge, palepale ambapo mstari wa Kaskazini ulisimama tarehe 3. Aliporudi alikuta shamba limesagwa. Aliomba fidia ya zaidi ya dola 1,000, akapewa 15. Na waliofukua maiti za askari wa Kaskazini kwenda kuzikwa kwenye makaburi ya taifa, pale Lincoln alipohutubia Novemba mwaka huo, walikuwa vibarua weusi chini ya Basil Biggs, mweusi mwenzao. Maveterani weusi wa mji huo nao walipokufa, wengi wakazikwa makaburi ya peke yao.

Sasa Mississippi inasema "jambo la haki". Kwangu si historia hiyo, ni tusi lenye ulinzi wa serikali. Ing'olewe. Sisi tuliotoka Kivu tunajua mtu aliyechoma kijiji chako akisimamishiwa sanamu inakuwaje.

MPENDA HISTORIA
Mtoa mada, kigawanyo chako ni kizuri, ila hayo mawe ya vikosi unayaona malaika mno. Maveterani wa Kikosi cha 72 cha Pennsylvania walitaka mnara wao uwe mbele kabisa, kwenye ukuta wa mawe uliokuwa mstari wa mbele, wakati chama kilichosimamia uwanja kilisema walikuwa nyuma zaidi. Wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 1891. Umeona? Waliokuwepo wenyewe walishindwa kukubaliana nani alisimama wapi. Jiwe lilikuwa siasa tangu siku ya kwanza, siasa ya nani apewe sifa.

Tena kanuni ilisema kikosi kiweke mnara mahali kilipojipanga vitani, si kilipofika. Kwa watu wa Kusini, waliovuka karibu maili nzima chini ya mizinga, maana yake jiwe lao likae nyuma kule mwanzo wa mbio. Wengi hawakutaka. Kikosi cha Maryland kiliweka lake kwenye kilima cha Culp's Hill mwaka 1886, la kwanza la kikosi cha Kusini, lakini waliofuata ni wachache. Kwa hiyo ukisema "tuache ya vikosi, tuguse ya majimbo", kwa kweli umesema tuache ya Kaskazini tuguse ya Kusini. Sema hivyo waziwazi, usizunguke.

DADA WA UPANGA
Wanaodai kwamba ukishusha sanamu umefuta historia, njooni Dar. Wajerumani walisimamisha hapa mjini sanamu ya Wissmann, kamanda wao aliyezima upinzani wa Bushiri. Waingereza walipoingia 1916 wakamshusha, na 1927 pakawekwa sanamu ya Askari. Je, tumemsahau Wissmann? Watoto wanamsoma darasani, habari za Bushiri wanazijua. Tulichopoteza ni heshima aliyokuwa akipewa, basi, na hiyo hakuna anayeililia.

Ila siungani na Mkongo kwenye kung'oa. Yule aliyeandika 1963 namtaka abaki pale aaibike.

MTOA MADA
Nimewasoma wote. Kaka Mpenda Historia, kesi ya Kikosi cha 72 inaniunga mkono. Wale waligombea yadi kadhaa za ardhi. Hakuna aliyekwenda mahakamani kudai kwamba vita vilihusu kitu kingine. Na kama matokeo ya msimamo wangu yanaangukia zaidi Kusini, ni kwa sababu Kusini ndiko kulikoandikwa hivyo.

Angalieni maneno yao wenyewe. Mississippi ilipojitenga mwaka 1861 iliandika wazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. South Carolina, Desemba 1860, ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanatumia sheria zao kukataa kurudisha watumwa waliotoroka. Yaani jimbo lililokasirika kwa sababu majimbo mengine yalitumia haki zao, leo linasifiwa kwa kutetea haki za majimbo! Dada wa Upanga, huyo hataaibika mpaka aliyesimama mbele yake aambiwe hili.

Na Mzee wa Tanga asihofu kwamba jeshi la Kusini litatoweka. Kila brigedi ina kibao chake cha shaba kilichowekwa na serikali, vya Kusini vina kitako cha mviringo, vya Kaskazini cha mraba. Vinasema ilifika saa ngapi, ikaelekea wapi, ikapoteza wangapi. Havisifu, havilaumu. Ukivifuata hivyo unaipata vita nzima bila kuambiwa jambo la haki lilikuwa lipi.

MKONGO WA LANCASTER
Kibao cha kujibu nitakikubali kwa sharti moja: kisiwekwe nyuma ya kichaka, na jina la Brian liwemo.

MKAZI WA TANGA
Hapo sina ugomvi. Kwangu kuongeza ni halali, kupunguza ndiyo sitaki. Lakini Mtoa mada, ninyi Minnesota mna bendera ya Kikosi cha 28 cha Virginia mliyoiteka tarehe 3. Wenyewe wameiomba, na 2013 gavana wenu akakataa. Hiyo nayo mtaiwekea kibao?

MTOA MADA
Mzee wangu, bendera haina hotuba juu yake. Inakaa St. Paul, na haiendi popote.